Seti ya pampu ya kupimia mvujo wa oili kwenye mguu wa injini ya boti: nimeitumia, haya ndio maoni yangu

Naipa nyota nne kati ya tano, na naiandikia kirefu kwa sababu wenye boti wengi wakiona oili inaelea nyuma ya injini kitu cha kwanza wanaagiza sili za shafti ya propela, zile pete za kuzuia oili isitoke na maji yasiingie, wanabadilisha, wanajaza oili mpya, boti inarudi majini na baada ya muda ule utando wa rangirangi uko pale pale juu ya maji. Kumbe sili zilikuwa nzima, panapovuja ni kwengine kabisa ila hakuna aliyepima. Sasa kazi ya hiki kidude ni hiyo tu, kukuambia oili inatokea wapi kabla hujafungua kitu chochote cha ndani, unasukuma hewa kwenye mguu, yaani ile sehemu ya chini ya injini yenye gia na propela, na mshale wa geji ukishuka ujue kuna panapovuja, na hiyo kazi inaifanya vizuri, kasoro zake zipo na nitazisema.

Ndani ya boksi kuna pampu ya mkono, ubavuni ina kiswichi, ukikisukuma upande mmoja pampu inasukuma hewa ukikirudisha inavuta. Kuna geji moja yenye vipimo vya pande mbili, presha mpaka PSI 30 na vakyumu, yaani mvuto wa hewa, mpaka inchi 30 za zebaki, mpira mwembamba wa kama mita moja hivi, kikoki kidogo cha kufunga katikati ya mpira, na adapta za shaba za nyuzi tofauti tofauti, za inchi na za milimita, manake vizibo vya oili vya injini za boti havifanani, kila kampuni na nyuzi zake. Hicho kikoki usikidharau. Pampu nyingi za mkono vali yake ya ndani inapitisha hewa kidogo kidogo, sasa kama huna cha kuitenga pampu na mguu utaona mshale unashuka na utadhani ni sili kumbe ni pampu yenyewe. Seti ambayo haina kikoki mi binafsi nisingeichukua.

Lakini kabla ya pampu hakikisha kwanza kinachovuja ni oili ya gia. Hapa ndio wengi wanapopotea. Pale nyuma kwenye propela kuna vitu kama vitatu vinavyoweza kutoka na vyote ukiviona majini vinatengeneza utando ule ule. Injini nyingi moshi wake unatokea katikati ya propela, kwa hiyo ule uchafu wa mafuta yasiyoungua vizuri unatoka hapo, hasa injini za stroki mbili ambazo oili yake inachanganywa na petroli, utakuta kitu cheusi chepesi kinanuka moshi na kinachafua kote ndani ya kitovu cha propela. Huo sio mvujo wa giaboksi. Pili kuna oili ya haidroliki ya trimu, ile inayonyanyua na kushusha injini, hiyo ni nyepesi, inateleza, na ukienda kuangalia tangi lake dogo utakuta imepungua. Halafu ndio oili ya gia yenyewe ambayo ni nzito, inanata vidoleni, na ina ile harufu kali ya salfa ambayo ukishainusa mara moja huisahau. Pia grisi ya shafti ya propela ikipata moto inayeyuka na kutoka nje, kwa hiyo ukikuta alama kidogo tu nyuma ya propela siku chache baada ya kupaka grisi usianze kuchanganyikiwa.

Namna nzuri ni kuosha mguu wote kwa sabuni ukauke kabisa, ushushe injini isimame wima, weka karatasi nyeupe au kadibodi chini yake uiache usiku kucha. Asubuhi utaona kama kuna tone na limeangukia wapi, ukilifuata juu na tochi unapata mwanzo wa njia. Mimi kadibodi ilikuwa na matone, mazito, yananuka salfa, na yalikuwa yanatokea upande wa propela. Kila aliyepita akaangalia akasema sili za propela hizo, badilisha. Na kusema kweli hata kwa macho ilionekana hivyo.

Kabla ya kupima lazima umwage oili yote, na hapo usifanye haraka maana oili yenyewe inakupa habari nyingi. Acha mguu umesimama wima masaa kadhaa bila kuwasha, halafu legeza kizibo cha chini taratibu bila kukitoa, kitakachotoka mwanzo kabisa ndio cha kuangalia. Maji ni mazito kuliko oili kwa hiyo yanakaa chini, kama yameingia na hayajachanganyika bado utaona yanatoka yenyewe kabla ya oili. Kama yameshasagwa na gia pamoja na oili utakuta rangi ya chai ya maziwa, hapo ujue maji yanaingia na injini imetembea nayo. Oili nyeusi yenye harufu ya kuungua inamaanisha imekaa muda mrefu au kuna joto lisilo la kawaida ndani. Kizibo kingine kina sumaku, ule unga laini wa kijivu kama grisi ni wa kawaida, ila ukikuta vipande unavyoweza kuvishika kwa vidole basi tatizo lako limeshavuka sili, hapo ni gia au beringi, na pampu hii haitakusaidia. Halafu pima kwenye chombo oili iliyotoka ulinganishe na kiasi kilichoandikwa kwenye kitabu cha injini. Hiyo tofauti ndio kipimo cha jinsi inavyovuja, na wengi wanamwaga tu bila kupima.

Kuna kitu watu wananiuliza, mbona oili inatoka nje na maji nayo yanaingia ndani, tundu moja linafanyaje kazi mbili? Jibu ni joto. Giaboksi ya injini ya nje imefungwa kabisa, haina sehemu ya kupumulia. Ukikimbiza boti oili inapata moto, hewa iliyobaki juu inatanuka, presha inapanda, inasukuma oili itoke popote palipo dhaifu. Ukizima, mguu uko ndani ya maji ya baridi, kila kitu kinasinyaa, ndani kunakuwa na mvuto, na pale pale oili ilipotokea maji yanaingia. Ndio maana wanaotengeneza huweka sili mbili kwenye shafti ya propela zikiwa zimepeana mgongo, mdomo wa moja unatazama ndani kuzuia oili na wa nyingine unatazama nje kuzuia maji. Na ndio maana pia ukipima presha peke yake umepima nusu, lazima upime na vakyumu. Hii ndio sababu kubwa iliyonifanya nichague seti inayofanya yote mawili badala ya ile ya presha tupu.

Sasa tuje kwenye matumizi. Kwanza jaribu seti yenyewe. Funga adapta kwenye mpira, ziba mdomo wake, pampu mpaka 15, funga kikoki, iache hapo ukanywe maji urudi. Mshale ukibaki pale pale seti ni nzima. Hii yangu mara ya kwanza ilishuka, nikapaka povu la sabuni kwenye viungo vyote nikaona vipovu pale mpira unapoingia kwenye adapta, kibanio walichoweka kiwandani ni chepesi mno hakibani. Nikaweka kibanio cha bisibisi cha kawaida pakatulia. Na zile washa za adapta ni za karatasi ngumu, zinashika mara moja, ukifungua ukafunga tena zinapitisha, nimezitoa zote nikaweka oringi ndogo za mpira. Hapa ndipo nyota moja ilipopotea, kwa sababu kitu kilichotengenezwa kupima mvujo halafu chenyewe kinavuja kinaweza kumfanya mtu afungue injini nzima bila sababu.

Ukishairidhia seti, fungia adapta kwenye tundu la kizibo cha juu, kizibo cha chini kifunge na gasketi mpya. Usianze na presha kubwa. Hili nalisisitiza kwa sababu maelekezo ya hii seti yanasema tu pampu mpaka 10 halafu subiri, lakini kuna sili zikipata presha kubwa mdomo wake unabanwa kwenye shafti na zinashika vizuri kabisa, ila presha ikiwa ndogo zinapitisha. Anza na 3 mpaka 5, subiri dakika kadhaa ukiangalia mshale, ndipo upande mpaka 10 au 12, na hapo soma kitabu cha injini yako kinasema mwisho ngapi, ziko zinazotaka 10 hadi 12 na ziko zinazoruhusu mpaka 16 au 18. Usipite hapo. Ukipita unaweza kuisukuma sili nzima itoke kwenye makao yake, na sasa unakuwa na mvujo mpya ulioutengeneza mwenyewe.

Mguu ukiwa na presha, usikae tu kuangalia geji. Zungusha shafti ya propela kwa mkono, taratibu, mzunguko mzima, kwenda na kurudi, isukume na kuivuta kidogo. Zungusha shafti ya wima, ile inayotoka kwenye injini kushuka kwenye gia. Sogeza rodi ya gia, ile fimbo ya kubadilishia gia, mbele, katikati, nyuma. Sili iliyoliwa upande mmoja ikitulia inaweza kushika usiku mzima na ukiizungusha robo tu inaachia. Na fanya kivulini, manake jua likipiga mguu hewa ya ndani inatanuka na mshale unapanda au unaficha mvujo mdogo, wingu likipita unashuka, utajikuta unaweweseka na mvujo ambao haupo.

Kwangu ilikuwa hivi. Mguu ukiwa bado kwenye injini nilipandisha presha ndogo, mshale ukatulia. Nikapandisha 10, ukatulia. Nikazungusha propela shafti pande zote, ukatulia kabisa. Yaani zile sili zilizokuwa zinalaumiwa na kila mtu zilikuwa zinashika vizuri. Nilipogusa gia tu kutoka mbele kwenda katikati nikasikia shhh na mshale ukashuka, nikiacha unasimama, nikisogeza tena unashuka. Hapo nikajua ni rodi ya gia. Nikaushusha mguu mzima nikatoa na bodi ya pampu ya maji ili sehemu ya juu iwe wazi, nikapiga povu la sabuni kwenye shafti ya wima, hakuna kitu, nikapiga kwenye rodi ya gia na kuisogeza, vipovu vikaanza kutoka pembezoni. Oili ilikuwa inatoka juu, inateremka ndani ya mguu kupitia njia ya moshi, inakuja kutokea kwenye kitovu cha propela. Ndio maana kwa macho kila mtu aliona propela.

Kama una beseni au pipa kubwa unaweza kuzamisha mguu wote ukiwa na presha, vipovu vinaonekana wazi zaidi kuliko sabuni, na hasa ukitafuta ufa kwenye alumini au kitundu kilicholiwa na chumvi, hapo maji ni bora. Alumini ikiliwa na chumvi kwa miaka huwa inaanzia chini ya rangi mahali usipopaona, na ile nyufa ndogo iliyotokana na kugonga mwamba sabuni inaweza kuikosa. Kitu kimoja tu, kabla ya kuzamisha hakikisha presha iko ndani, usizamishe kikiwa kitupu halafu ndio upampu, utakuwa umeshaingiza maji. Na usitoe presha mpaka umekitoa majini.

Matengenezo yenyewe yalikuwa madogo kuliko upimaji. Kwenye injini nyingi rodi ya gia inapita kwenye kikofia kidogo chenye sili ndani na oringi nje, unafungua bolti zake, unakinyanyua, unatoa sili ya zamani, unaingiza mpya. Weka alama gia iko wapi kabla hujanyanyua chochote, mbele au katikati, ili ukirudisha uunganishe pale pale. Kabla ya sili mpya angalia rodi yenyewe. Pitisha ukucha pale sili inapokaa, kama ukucha unakwama kuna mfereji, na sili mpya juu ya mfereji wa zamani haitashika muda mrefu. Mfereji mdogo sana unaweza kuulainisha kwa msasa laini ukizungusha kwa duara na sio kwa urefu, kwa sababu mikwaruzo ya urefu inakuwa njia ya oili. Kwa shafti ya propela iliyoliwa zaidi zipo slivu nyembamba za chuma kisichoshika kutu zinazovishwa juu ya shafti, SKF wanazitengeneza kwa jina la Speedi-Sleeve, zinaokoa shafti ambayo ungelazimika kuitupa. Rodi yangu ilikuwa na kutu kidogo tu, msasa laini ulitosha.

Sili ipake grisi kwenye mdomo kabla ya kuivisha, ikipita kavu kwenye shafti inajikunja au inachanika siku ya kwanza. Iingize kwa kitu cha duara kinacholingana na ukingo wake, soketi ya spana inafaa, gonga taratibu iingie sawa pande zote. Ikiingia imeinama toa weka nyingine. Na kama kitabu kinasema sili mbili zipeane mgongo fuata hivyo hivyo, kuna mafundi wanaweka zote zinatazama upande mmoja kwa kuamini oili itazuiwa mara mbili, halafu maji yanaingia na wanashangaa.

Kama mvujo wako kweli uko kwenye propela, kabla hujatoa keria, lile duara la alumini linaloshika beringi na sili, toa propela kwanza uangalie nyuma yake. Mshipi wa kuvulia ndio adui namba moja wa hizi sili. Unajizungusha kwenye shafti, unakazwa na mzunguko, unaingia chini ya mdomo wa sili na kuukata, na ukiwa umeukuta hapo umeshapata jibu bila hata kupampu. Ni tabia nzuri kutoa propela mara kwa mara hata kama hakuna kinachovuja, kusafisha na kupaka grisi mpya. Keria zenyewe zilizokaa kwenye maji chumvi zinaganda, ukikosa pula ya kuvutia usitumie nyundo, alumini inavunjika masikio. Na nyuma ya keria angalia oringi yake na mahali inapokaa, chumvi ikijijenga pale inaisukuma oringi na unapata mvujo ambao unaonekana ni wa sili lakini sio. Ukikuta washa nyembamba za kurekebisha nafasi ya gia, zirudishe zote, kwa mpangilio ule ule. Hizo ndizo zinazoamua gia zinashikana vipi.

Baada ya kufunga nilirudia kipimo chote, presha ndogo, presha kubwa, kuzungusha, kusogeza gia, mshale haukutikisika. Halafu nikageuza kiswichi nikavuta vakyumu, nikaanza na inchi 3 mpaka 5 halafu nikapanda 10 na zaidi kidogo, tena nikazungusha kila kitu. Kwa upande wa vakyumu pampu hii ni nzuri sana kwa kweli, inavuta kwa ulaini na inashika. Tatizo ni geji, mistari ya chini kule kwenye 1 mpaka 5 imebanana, kusoma 3 unakisia, na kule chini ndiko kunakohitaji macho zaidi. Ningefurahi kama wangeweka geji ya mpaka 15 au 20 tu yenye nafasi pana, hakuna giaboksi ya boti ninayoijua itakayotaka 30.

Kujaza oili watu wanajua lakini bado naona wanajaza kutoka juu, hapana. Unajazia tundu la chini, hewa inatoka juu, mpaka oili itoke tundu la juu bila vipovu. Kisha funga kizibo cha juu kwanza, ndipo utoe pampu ya oili chini ufunge haraka, kwa sababu juu kukiwa kumefungwa oili haitoki kwa kasi. Gasketi za vizibo weka mpya kila mara hata kama za zamani zinaonekana nzima, ni vitu vidogo na mvujo mwingi wa ajabu unaishia kuwa ni gasketi iliyobonyea. Oili tumia aina iliyoandikwa na mtengenezaji, wengi wanataka ya hypoid ya boti, yaani oili nzito ya gia, SAE 90 au 80W-90, na kama kitabu kinasema daraja la GL-4 au GL-5 basi hiyo hiyo. Ukishajaza acha kidogo, fungua cha juu tena uone kama imeshuka, hewa iliyonaswa kwenye beringi inatoka taratibu na unaweza kuongeza. Ile ya zamani iweke kwenye dumu lenye kifuniko upeleke inakopokelewa oili chafu, tusiimwage ufukweni, sisi ndio tunaoyatumia hayo maji.

Nimeitumia pia kwenye draivu ya boti ya jamaa yangu, ile aina ambayo injini iko ndani na mguu umefungwa nyuma, na kule ndipo nilipoona thamani yake zaidi. Draivu nyingi za aina hii zina kichupa cha oili ya gia ndani ya boti karibu na injini, kiwango chake kilikuwa kinashuka kila mara na nje hakuna hata tone. Hakuna utando kwenye maji, hakuna alama kwenye propela. Kwa kuangalia tu usingepata. Alishaanza kufikiri draivu inakunywa oili. Kabla ya draivu tukaangalia kichupa na mpira wake, kwa sababu mpira unaotoka kwenye kichupa hadi kwenye mguu nao unaweza kuchoka au kulegea kiungoni, ukavujia ndani ya boti na kuchanganyika na maji machafu ya chini. Huko kulikuwa kukavu. Tukaitoa draivu, tukaipampu, presha ikashuka pale pale tulipozungusha shafti ya juu yenye jointi za krosi, povu likaonyesha sili ya shafti inayoingia. Oili ilikuwa inaingia ndani ya ule mpira wa mikunjo unaofunika jointi, inakaa humo humo haionekani, na jointi zenyewe zilikuwa zimelowa. Hiyo sili kwenye draivu nyingi inakaa nyuma ya gia ambayo kubana kwa beringi zake kuna kipimo, kwa hiyo tulijua mvujo uko wapi lakini kufungua alimpelekea fundi wa draivu. Hata hivyo alimpelekea akiwa anajua cha kumwambia, badilisha hii sili, angalia hii shafti, badala ya kumwambia inavuja angalia. Hiyo tofauti peke yake inatosha kununua seti.

Kuna watu wanasema kwa nini ununue wakati kompresa ipo au pampu ya baiskeli ipo. Pampu ya baiskeli yenye geji inaweza kufanya upande wa presha kama ukipata adapta inayoingia kwenye nyuzi, lakini haivuti, kwa hiyo ile sili inayotazama nje hujaipima. Kompresa mimi siishauri kabisa bila regyuleta nzuri, hewa inaingia kwa kishindo na kwenye nafasi ndogo ya giaboksi presha inapanda kabla mkono wako haujafunga, na sili iliyokuwa nzima inatoka. Hii ya mkono kila ukibana unaona mshale umepanda kiasi gani, unasimama unapotaka.

Karatasi ya maelekezo ni dhaifu, picha ni ndogo na hakuna mahali inaposema uanze na presha ndogo wala inapotaja kuzungusha shafti, mtu mpya atapampu mpaka 10, ataona mshale umesimama, atafunga boksi akiamini hakuna mvujo. Ukiinunua, kaa na kitabu cha injini yako pembeni sio hiyo karatasi, badilisha kibanio na zile washa kabla hujaitumia hata mara moja, na ukimaliza kupima geuza mpira chini oili iliyoingia itoke, isirudi kwenye pampu ikaharibu vali.